Makelele nayo ni muziki? Kutoka Osaka, kupitia Kinshasa na Kampala

Ninajua ukurasa wetu umezoea mambo ya staji, bursi na namna ya kujibu tangazo la kazi. Leo muniruhusu nilete kitu ambacho hakitampatia mtu kazi, lakini kimenifanya niwaze sana juu ya hii mji yetu: muziki wa makelele.

Si fumbo. Kuna watu ku Japani ambao tangu karibu mwaka 1979 wanafanya muziki usio na melodi, usio na mdundo wa kucheza, mara nyingi bila neno hata moja, na kwa sauti ya juu mpaka kifua kinatetemeka. Wanauita noizu, yaani neno la Kiingereza la makelele likitamkwa kwa ulimi wa Kijapani. Siku moja nilikuwa ninausikiliza chumbani, dada yangu mdogo akagonga mlango: "Yaya, telefone yako imeharibika?" Nikamujibu hapana, njo vile inatengenezwaka. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Swali lake ni la haki. Kama hii si telefone iliyoharibika, ni nini? Na mtu mwenye akili zake anaipendea nini?

Nianze na fani yangu, juu njo kitu ninajua. Katika agronomia unafundishwa mapema kwamba magugu si aina ya mmea. Hakuna familia ya mimea inayoitwa magugu. Magugu ni mmea wowote ulioota fasi ambapo mkulima hakuutaka. Lengalenga ikiota yenyewe katikati ya mahindi, ni magugu, unaing'oa. Ikiota kwenye tuta lake, ni mboga, na mama anaiuza Kadutu asubuhi. Mmea ni ule ule; kilichobadilika ni nia ya mtu. Na sauti ni hivyo hivyo: makelele ni sauti ambayo mtu hakuitaka. Jenereta ya jirani saa nne za usiku ni makelele kwangu. Kwa yule kijana anayenyoa watu kwa jenereta hiyo hiyo wakati umeme wa SNEL umeenda, ni sauti ya chakula.

Sasa Wajapani hawa walifanya nini? Walichukua magugu peke yake, wakalima shamba zima la magugu, wakaliwekea tuta na maji.

Tuone kwanza inafanyika namna gani, maana ufundi wenyewe ni rahisi kuliko tunavyodhani. Kila mtu aliyewahi kukaa ku korali anajua ule mlio mkali unaotoka wakati muhubiri anasogea na mikro karibu na bafle. Kwa Kifaransa tunauita larsen, kutokana na jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Kinachotokea ni hiki: mikro inasikia sauti ya bafle, inaituma ku ampli, ampli inaikuza, bafle inaitoa tena ikiwa kubwa zaidi, mikro inaisikia tena. Mzunguko huo unajirudia haraka sana, na kila mara sauti inaongezeka, mpaka vyombo vinafika mwisho wa nguvu yao. Mlio utakuwa mwembamba ao mnene kulingana na umbali wa mikro, upande inapoelekea, na hata ukubwa wa chumba. Tekinisie wa kanisa anakimbia kuteremsha volume. Mujapani wa noizu anabaki pale pale, anasogeza mikro sentimita mbili, anasikiliza mlio unavyogeuka, anairudisha.

Juu ya hapo wanaongeza pedali, zile za gitaa zinazokwaruza ao kurudisha mwangwi. Wanaunga pedali tano, sita, kisha wanarudisha waya wa kutokea kwenye shimo la kuingilia. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Mashine inajisikiliza yenyewe. Toshimaru Nakamura anajulikana kwa kitu kimoja: anachukua meza ya kuchanganya sauti, anaiunga na yenyewe, na hapo njo chombo chake. Wengine wanabandika mikro ndogo ya piezo, kile kisahani chembamba unachokikuta ndani ya kengele za kielektroniki, kwenye kipande cha chuma. Ukikwaruza chuma kwa ukucha, bafle linatoa radi.

Kitu ambacho mtu hawezi kukielewa mpaka ajaribu ni kwamba larsen haitawaliwi yote. Mwanamuziki anapendekeza, chombo kinajibu, na mara nyingi kinajibu ingine. Kwa hiyo onyesho moja halifanani na lingine. Nimeona watu wanaandika kwamba kila mtoto anaweza kufanya hivyo. Kuanzisha, ndiyo, kila mtoto anaweza. Kukaa dakika arobaini na watu chumbani bila wao kuondoka, hapo njo tunaanza kuongea juu ya kazi.

Wazo la kuingiza makelele katika muziki si la Wajapani. Muitaliano Luigi Russolo aliandika ilani yake juu ya sanaa ya makelele mwaka 1913, akaunda hata masanduku ya kuvuma na kunguruma. Lakini Japani njo pale wazo lilipata watu wa kuliishi kila siku. Mwaka 1979, ku Kyoto, Jojo Hiroshige na wenzake walianzisha Hijokaidan, jina lenye maana ya ngazi za dharura, zile za kukimbilia nyumba ikiwaka moto. Maonyesho yao ya mwanzo yalikuwa ya fujo na uchafu, mambo ambayo sitayaandika hapa, kuna wazazi wanatusoma. Mwaka 1984 Hiroshige akafungua lebo yake ku Osaka, Alchemy Records, na lebo hiyo ikawa kama ghala la mbegu la muziki huu wote.

Mwaka ule ule wa 1979, ku Tokyo, Masami Akita alianza chini ya jina Merzbow. Ngoja nieleze jina hilo, lina hadithi nzuri. Msanii wa Ujerumani, Kurt Schwitters, mwaka 1919 alikata tangazo la benki katika gazeti, akabakiwa na kipande kilichoandikwa "Merz", mabaki ya neno la biashara. Akafanya hicho kipande kuwa jina la sanaa yake yote, sanaa ya kuokota takataka na kuzibandika. Nyumbani kwake Hannover alijenga mapango ya vitu vilivyookotwa, akayaita Merzbau, mpaka mabomu ya mwaka 1943 yakayabomoa. Akita alisoma sanaa chuoni, akaona: kama mtu anaweza kujenga nyumba kwa taka za macho, mimi nitajenga kwa taka za masikio. Amefanya hivyo kwa bidii ya kutisha. Mwaka 2000 lebo moja ya Australia ilitoa sanduku lake, Merzbox, lenye CD 50. Hamsini! Na hakuacha hapo. Baadaye aliacha kula nyama, akawa mtetezi wa wanyama, na mwaka 2006 alitoa albamu Minazo kwa ajili ya sili-tembo mmoja, mnyama mkubwa wa bahari. Mtu anayeunguruma vile, na roho laini namna ile.

Halafu kuna Hanatarash ya Yamatsuka Eye. Mwaka 1985 ku Tokyo aliingia ukumbini na tingatinga, ile mashine ya kuchimba barabara, akabomoa nayo ukuta. Wasikilizaji walikuwa wametia saini karatasi mbele ya kuingia, kwamba wakiumia hawatashitaki mtu. Watu wengi wakitaja noizu wanataja hadithi hii peke yake. Mimi hainivutii sana. Kubomoa ukuta ni rahisi, sisi tunajua.

Wanaonivutia ni Incapacitants. Toshiji Mikawa alianza jina hilo mwaka 1981. Baadaye alijiunga naye Fumio Kosakai. Mikawa alikuwa mfanyakazi wa benki. Kosakai alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali. Mchana wanavaa shati na kola, wanajaza karatasi, wanainamia wakubwa wao. Jioni wanapanda jukwaani, watu wazima wawili wanene kidogo, wanatingisha meza ya vyombo mpaka jasho linadondoka, na sauti inayotoka pale ni kama maporomoko ya maji yaliyogeuka chuma. Hawakungoja kuishi kwa muziki. Hawakuandika mradi kwa mfadhili. Walinunua vyombo kwa mshahara, wakapiga mbele ya watu thelathini, arobaini, wakarudi kazini asubuhi. Ninyi mnaotafuta kazi na diploma mkononi, na wenye kipaji kingine wanachokificha, mtu huyu wa benki munaweza kumuwaza kidogo.

Kabla ya intaneti mambo yalienda kwa kaseti. Akita alirekodi nyumbani, akanakili kanda, akatengeneza ganda kwa fotokopi, akatuma kwa posta Ulaya na Marekani, akapokea za wengine. Sasa, mtafiti wa Marekani David Novak aliandika kitabu juu ya mambo haya, Japanoise, mwaka 2013, na ndani kuna wazo ambalo kwangu njo moyo wa habari yote. Anasema sini hii haikuzaliwa Japani ikasafirishwa kama gunia la kahawa. Wapiga makelele wa Osaka na wa Tokyo hawakujiona wote kuwa kitu kimoja. Kanda zilienda Marekani, kule wasikilizaji wakaziweka pamoja, wakazipa jina moja, jina likarudi Japani, na Wajapani wakajikuta wana sini. Yaani ni larsen. Sauti imetoka, imeingia mikro ya mbali, imekuzwa, imerudi nyumbani ikiwa kubwa na imegeuka.

Niliposoma hilo nikakumbuka Konono N°1 palepale. Kama humujui Mingiedi Mawangu, ni haya kwetu. Alikuwa Muzombo, watu wa mpaka wa Congo na Angola, akafika Kinshasa na likembe yake. Likembe ni chombo cha sauti ndogo. Kinshasa ni mji wa sauti kubwa. Ili likembe isikike barabarani, yeye na kikundi chake walitengeneza mikro zao wenyewe kwa sumaku zilizotolewa ku vipuri vya magari ya zamani, wakaunga na ampli, wakatoa sauti kwa zile pembe za bati za kutangazia, za wakati wa ukoloni, wenyewe wanaziita "lance-voix". Sauti ikatoka imepasuka, inakwaruza, inavuma. Hawakuitafuta. Lakini hawakuifukuza pia: waliikubali, wakaipigia, ikawa ndiyo sauti yao. Wafaransa waliwarekodi mwaka 1978. Mubelji Vincent Kenis alisikia, akawatafuta miaka mingi, na mwaka 2004 ikatoka albamu Congotronics. Ulaya wakashangaa: hawa wanapiga kama watu wa muziki wa kielektroniki wa majaribio! Mwaka 2007 Björk aliwaweka katika wimbo wake Earth Intruders. Mingiedi alifariki mwaka 2015. Ku Congo wengi wetu tulimujua kupitia Wazungu. Larsen tena, na safari hii mikro ilikuwa Brussels.

Ukiangalia karibu, kuna kitu cha zamani zaidi ya sumaku na ampli. Chukua likembe ya kijijini, isiyo na waya wowote. Mara nyingi utakuta vipete vidogo vya chuma vimezungushwa kwenye zile ndimi zake. Kazi yao ni moja tu: kutoa zzzz kila mara unapopiga. Ndugu zake wa kusini, mbira za Zimbabwe, wanafungiwa konokono ao vifuniko vya chupa kwa kazi hiyo hiyo. Ku Uganda, endongo ya Baganda inawambwa kwa ngozi ya kenge, na nyuzi zinapita karibu sana na magamba ili ziungurume. Fundi wa Ulaya anatumia maisha yake kuondoa mlio kama huo ku violini. Fundi wa kwetu alikuwa anauongeza kwa makusudi, juu sauti safi kabisa aliiona kama chakula bila chumvi. Basi mtu asiniambie makelele katika muziki ni upuuzi wa Wajapani walioshiba. Babu zetu walikuwa wanayafunga kwa waya mbele ya Merzbow kuzaliwa.

Hapo sasa tufike Kampala, maana kule njo Japani na sisi tunakutana kwa kweli, si kwa kulinganisha tu. Tangu mwaka 2015 kuna festivali ya Nyege Nyege, iliyoanzia Jinja, pembeni ya Nile. (Ndiyo, jina linachekesha kwa Kiswahili. Kwa Kiganda wanasema ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla. Tuendelee.) Ikazaa lebo, Nyege Nyege Tapes, ambayo mwaka 2017 ilitoa Sounds of Sisso, singeli ya Dar es Salaam inayokimbia mpaka mdundo unakuwa kama mashine ya kushona. Ikazaa pia lebo ya pili, Hakuna Kulala, na katika waanzilishi wake yuko Rey Sapienz, mwana wa mashariki ya Congo kama sisi. Albamu yake na Congo Techno Ensemble, Na Zala Zala, ni ya mwaka 2021.

Mwaka huo huo, Hakuna Kulala ilitoa Tewari ya Scotch Rolex. Huyu ni Shigeru Ishihara, Mujapani anayeishi Berlin, ambaye zamani alijiita Scotch Egg. Alifika Kampala, akakuta rolex, ile chapati ya mayai ya barabarani, akabadilisha jina. Ndani ya Tewari anaimba MC Yallah wa Uganda, yuko Lord Spikeheart wa Kenya, yuko Mukongomani Chrisman. Sikiliza bafle linavyopigwa chini na juu pale, utasikia mtu aliyekulia kwenye makelele ya Japani, lakini hakuwageuza wenyeji kuwa mapambo. Wanamusukuma. Kuna fasi ambapo yeye njo anawafuata.

Lord Spikeheart huyo, jina lake Martin Khanja, pamoja na Sam Karugu walikuwa Duma. Usikimbilie kuwaza mnyama: wao walilitoa Kikuyu, na maana yake ni giza. Albamu yao ya mwaka 2020, iliyoitwa Duma pia, ni kitu kikali kuliko vyote nilivyotaja vya Afrika: ngoma za mashine kwa kasi isiyo ya binadamu, makelele ya kukwaruza, na mtu anapiga yowe katikati. Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa The Adept, akimukumbuka bibi yake mkubwa Muthoni wa Kirima, aliyekuwa fildimasho wa Mau Mau. Na aliitoa kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Mutaona baadaye kidogo kwa nini ninalitaja hilo.

Nije sasa kwa lile gumu.

Sisi wa hapa, masikio yetu hayaanzii sifuri. Wengi wa rika langu tulikuwa watoto Juni 2004, tumelazwa chini ya kitanda, wakubwa wanatuambia tunyamaze. Wadogo zetu nao wana Februari 2025 yao. Kuna watu kati yetu waliojua kutofautisha bunduki na eksosi ya pikipiki kabla ya kujua kusoma. Nilimupa rafiki yangu mmoja, tulisoma naye, ekuta moja ya sikio nikiwa ninasikiliza Merzbow. Sekunde kumi, akaitoa. Hakusema ni mubaya. Alisema: "Hii hapana, ndugu. Mwili yangu inaikatala." Sikubishana naye, na siwezi kumuambia mtu yeyote wa mji huu kwamba akikataa ni mushamba. Mimi mwenyewe usiku siusikilizi.

Lakini mchana ninausikiliza, na nimejiuliza kwa nini inawezekana. Jibu nililopata ni lile la lengalenga. Risasi haikuniuliza. Megafoni za kanisa la jirani saa tisa za usiku hazikuniuliza. Noizu inaniuliza: kidole changu kiko ku kifungo. Watu wa Hijokaidan wanalipa kuingia, wanajua kinachowangoja, mlango uko wazi. Sauti inaweza kuwa na nguvu ile ile kwa kipimo, lakini tofauti ya kulazimishwa na kuchagua ni kubwa kuliko desibeli. Na kuna kitu kinanitokea nikikaa ndani ya makelele niliyochagua mwenyewe: baada ya dakika tano sikio linaacha kujilinda, linaanza kutafuta. Linakuta ndani ya ukuta ule vitu vidogo, mlio unaopanda polepole, mdundo ambao labda haupo. Wakati wa kazi yangu ya mwisho chuoni nilipambana miezi na kile ambacho wanatakwimu wanakiita makelele ya data: mteremko wa shamba, kivuli cha mti, mbuzi wa jirani aliyekula mistari miwili ya maharage. Nilitaka kuvifuta vyote nibakize mbolea tu. Msimamizi wangu akaniambia: "Andika na ile mbuzi." Alikuwa na haki. Ile mbuzi njo ilikuwa shamba la kweli.

Sasa, watu wa nje wakisikia makelele wanapenda kuyapatia sababu haraka. Kwa Japani wanasema: ni Hiroshima, ni kumbukumbu ya bomu. Mimi sikubali. Akita alizaliwa 1956, akakulia katika nchi inayotajirika, na ukimusoma anataja roki, jazi huru, wasanii wa Dada na wa surrealisme. Mikawa alikuwa na mshahara wa benki. Walifanya makelele juu waliyapenda, wakayasomea, wakayafanyia zamu za usiku. Lakini Mujapani akipiga makelele wanasikia bomu, na Mukongomani wa Kivu akiyapiga watasikia vita, hata mbele ya kubonyeza kifungo. Rey Sapienz anaongea juu ya vita katika kazi yake, ni haki yake, ameichagua. Kijana wa Bagira anayetaka kufanya larsen juu ya mapenzi, ao mvua ku mabati, ao juu ya hakuna kitu kabisa, naye anahitaji nafasi. Ninaogopa kwamba kama maelezo ya kazi yake yataandikwa Ulaya, nafasi hiyo hataipata. Watamupa jina, na jina litarudi hapa kubwa kuliko yeye.

Njo sababu ya kutaja Alchemy na Haekalu. Swali la nani anashika kanda, nani anaandika maneno ya nyuma ya ganda, si swali dogo la biashara. Wale wa Kampala wamefanya kazi kubwa, bila wao nusu ya majina haya nisingeyajua. Lakini Nyege Nyege ilianzishwa na Wazungu wawili walioishi Uganda, na wasanii wetu wa mashariki walilazimika kuvuka mpaka ili wasikike. Hapa tuko na mafundi wa sonorizasio wanaojua larsen kuliko mtu yeyote, juu wanapigana nayo kila Jumapili. Tuko na mafundi wa Nyawera wanaofufua redio zilizokufa mara tatu. Ampli mbovu, pedali ya kuazima, telefone ya kurekodi: Akita wa mwaka 1980 hakuwa na vingi kupita hapo. Kinachokosekana ni mutu mmoja wa kurekodi na kuandika tarehe na majina, kisha kuweka fasi ambapo haipotei.

Kwa mwenye kutaka kusikiliza, nitakueleza njia yangu, na mega zako usizitupe ovyo. Anza na Konono, Congotronics, kwa bafle, si kwa ekuta, ili usikie namna likembe inavyokwaruza hewa ya chumba. Kisha Tewari. Ukiikubali, nenda Duma, lakini mchana na mlango umefunguliwa. Merzbow aje mwisho, Pulse Demon ya mwaka 1996, dakika tano za kwanza tu, na volume chini ya nusu. Hilo la volume ninalisema kwa uzito: wataalamu wa usikivu wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukipandisha desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Ku desibeli 100 ni robo saa, basi. Masami Akita mwenyewe ana CD hamsini na zaidi za kukungojea, haziendi popote.